Amiri wa Nini?

Khalfan Mbaraka hajawahi kuamuru hata mtumbwi, lakini Waswahili wa Stockholm, kuanzia Upplands Väsby mpaka Hässelby anakokaa, wote wanamwita Amirali. Wapo vijana waliozaliwa hukuhuku wanaodhani hilo ndilo jina alilopewa na baba yake. Posta inaandika Mbaraka, hospitali inaandika Mbaraka, lakini nenda Jumamosi kwenye ukumbi wa chama pale Sundbyberg uulize Mzee Mbaraka yuko wapi, watu watatazamana.

Yeye mwenyewe jina hakulikataa. Alilikalia kama mtu anavyokalia kiti alichopishwa na vijana, yaani kwa kujifanya hakukitaka. Alikuwa na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu, dhahabu kwa maana ya rangi, aliyoinunua kwa mchuuzi wa vitu vya watalii huko Gamla Stan, mji mkongwe wa Stockholm. Harusini aliivaa, mazikoni aliivua mlangoni akaishika kifuani. Alitembea mikono nyuma. Yeye ndiye aliyeonyesha magari yaegeshwe wapi, ndiye aliyeamua muziki upunguzwe saa ngapi, na pilau haikupakuliwa mpaka yeye aseme "Haya!" Mkewe Mwanahawa, ambaye ndiye aliyekuwa ameipika, kwa kawaida huwa ameshawapakulia watoto nusu saa kabla ya hiyo "haya", lakini hakuwahi kumwambia. Ndoa yao ilikuwa na adabu za namna hiyo.

Aliingia Uswidi akiwa kijana wa ishirini na kitu, ametoka Tanga, amepata nafasi ya kujifunza mitambo ya meli. Mafunzo yalikuwa ya miezi sita kwenye karakana moja ndogo kando ya ziwa Mälaren, kisha arudi nyumbani akawe fundi bandarini. Miezi sita ilipokaribia kwisha, habari zikaja kwamba ile nafasi ya bandarini imeshapata mwenyewe, mpwa wa mtu fulani. Karakana ikamwambia abaki, akabaki. Miaka michache baadaye karakana nayo ikafungwa, na fundi wa meli akawa mtunza majengo. Karibu miaka thelathini alihangaika na mabomba na redieta za kupashia joto maghorofa ya Hässelby. Bahari aliyoitumikia ni maji ya moto yapandayo na kushuka ndani ya kuta za watu.

Jina, hata hivyo, alilipata kule karakanani, na kisa chake kila mtu chamani alikijua kwa moyo. Kiangazi cha kwanza, boti ilikuwa inanyanyuliwa kwa winchi. Mnyororo ukaanza kuteleza, na chini ya boti kulikuwa na watu wawili. Khalfan, ambaye Kiswidi chake wakati huo hakikujaza kiganja, akapaza sauti: "Stopp!" Winchi ikasimama. Watu wakasimama. Hata meneja, aliyekuwa ofisini ameketi na kahawa yake, akasimama.

"Tangu siku hiyo," Khalfan humalizia, akiitengeneza kofia, "Wazungu wenyewe wakaniita amiralen, yaani mkuu wa manowari. Mimi sikuomba."

Mwaka jana, majira ya kuchipua, Gladness akampigia simu. Gladness ni katibu wa chama, binti wa Moshi anayefanya kazi za kompyuta mchana na kuwasumbua wazee jioni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, Siku ya Kiswahili inakuja. Safari hii tumesema hatutaki hotuba za kutukuza lugha. Kila mzee achukue neno moja tu, atueleze limetoka wapi na lina maana gani. Dakika kumi."

"Kumi hazitoshi."

"Lakini Mzee hata neno hujachagua."

"Nimeshachagua," akasema Khalfan.

Kesho yake alikwenda maktaba ya Hässelby, si kwa kutafuta jibu bali kama mtu anayekwenda kuchukua cheti cha mtihani aliokwisha kuufaulu. Mama wa maktaba akamletea kitabu kinene cha asili za maneno ya Kiswidi, akakifungua mahali penyewe, akamsomea taratibu. Amiral: neno la Wafaransa, waliolitoa kwa Waarabu, ambao husema amir, yaani mkuu, mwenye kutoa amri.

"Amiri!" Khalfan akasema kwa sauti iliyowageuza wasomaji wa magazeti. "Hilo ni letu!"

Ukiwa mkali utasema ni la Waarabu. Khalfan aliiruka ngazi hiyo bila kuitazama. Waarabu walitupatia, sisi tukalitunza. Anayelea mwana ndiye mzazi. Akataka arudufiwe ukurasa. Yule mama, kwa wema wake, akamwonyesha chini kidogo kwamba neno hilo lina maana ya pili pia, tena pana picha: kipepeo.

"Kizuri," akasema Khalfan, akaukunja ukurasa.

Kwa wiki kadhaa nyumba haikukalika. Mwanahawa akitoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, miguu inawaka moto, anamkuta mumewe sebuleni amesimama mbele ya kabati la vyombo, anaihutubia birika.

"Unajua Sisili, Mama Nasra?"

"Simjui. Anakaa Hässelby?"

"Kisiwa! Cha Italia. Huko ndiko Wazungu walikolichukua neno letu."

"Basi wewe kalichukue tena, uje ule."

Jambo moja lilimtia Khalfan wasiwasi, nalo lilikuwa Mugambi. Mugambi ni injinia kutoka Meru, kijana mwenye heshima zake, lakini ana tabia ya kuuliza swali pale ambapo wenzake wanapiga makofi. Khalfan akaona dawa ya Mugambi ni shahidi. Akampigia simu Lennart, waliyekuwa naye karakanani. Lennart sasa ni mzee wa zaidi ya sabini, mjane, ana nyumba yenye bustani upande wa Upplands Väsby. Kwa miaka yote hiyo walisalimiana kwa simu kila Krismasi na kila Idi. Lennart alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuwa chini ya boti siku ile. Pangepatikana wapi shahidi wa kumzidi?

"Utasimama tu useme kwa nini mliniita amiralen," Khalfan akamweleza.

"Hilo tu?" akauliza Lennart.

"Hilo tu."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa Watanzania, Wakenya, Wakongomani, Warundi, na watoto wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiswidi. Mwanamke mmoja wa Ukambani alieleza neno "karakana", mzee mmoja wa Bujumbura akaeleza "meza". Kisha Khalfan akapanda jukwaani na kofia yake, karatasi hana, maana karatasi ni za wasiojua.

"Neno la leo, Waswidi wanasema amiral," akaanza. "Mwingereza akalitia d yake akasema admiral. Na sisi tukamwiga Mwingereza tukasema admirali, tunaazima kwa jirani sufuria iliyotoka jikoni kwetu!"

Watu wakacheka, naye akapata nguvu.

"Amri mnaijua?"

"Tunaijua!"

"Atoaye amri?"

"Amiri!"

"Haya! Sasa Mwarabu akitaka kusema amiri wa bahari, husema amir al-bahr. Amiri wa maamiri, amir al-umara. Kule Sisili, Waarabu waliwahi kutawala. Wafalme wa Kizungu waliokuja baada yao wakakitwaa kile cheo wakawapa wakuu wa manowari zao. Masikio yao yakawa yanasikia amir al, amir al, kila siku amir al. Wakadhani neno ndiyo limekwisha! Wakalibeba hivyohivyo mpaka Ufaransa, mpaka Uholanzi, mpaka hapa Stockholm. Kwa hiyo ndugu zangu, kila manowari ya Mzungu unayoiona baharini, anayeiamuru amevaa neno letu kichwani."

Makofi. Mugambi akainua mkono.

"Mzee, ni swali tu."

"Uliza, mwanangu."

"Hiyo al, kwa Kiswahili ni kama nini?"

"Ni kama kusema wa."

"Kwa hivyo amirali ni amiri wa."

"Naam."

"Amiri wa nini?"

Khalfan akafungua kinywa. Ukurasa ule alikuwa ameusoma mara nyingi, lakini kumbe kusoma ni jambo moja na kuona ni jingine.

"Wa bahari," akasema.

"Lakini bahari si waliiacha huko Sisili, Mzee? Umesema wewe mwenyewe. Waliondoka na amiri wa, halafu kimya."

"Amiri wa mabomba, Papa Khalfan!" Ilikuwa sauti ya Firmin, dereva wa basi, mtu wa Bukavu, ambaye hajawahi kuuacha mzaha upite bila kuupandisha. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Khalfan naye akacheka, na haikuwa kazi ndogo. Kisha akasema: "Amiri wa lolote litakalotokea!" Jibu likawapendeza, wakampigia makofi marefu. Hapo ndipo alipopaswa kuketi. Angeketi hapo, mpaka leo angekuwa na kofia yake na usingizi wake. Lakini mtu aliyepigiwa makofi huwa na ugonjwa wa magoti, hayakunjiki.

"Na kama kuna mwenye shaka," akasema akimtazama Mugambi, "shahidi yupo. Lennart, karibu. Waambie kwa nini mliniita amiralen."

Lennart akasimama na kikombe chake cha kahawa. Alizungumza Kiswidi cha polepole, cha mtu asiye na haraka na lolote.

"Ilikuwa kwa sababu ya koti," akasema.

"Koti gani?" akauliza Khalfan.

"Ulilokuja nalo. Jeusi, lina utepe mwekundu unaopita mabegani, na vifungo vyeupe huku kwenye mikono. Hulikumbuki? Bosse, mwenzetu wa karakanani, alikuona unashuka kwenye basi, akasema, tazameni, amiral amefika."

"Amiral wa jeshi," Khalfan akasema kwa upole, kama mtu anayemshika mkono aliyepotea njia.

"La, la. Kipepeo."

Vichwa vyote vikamgeukia Khalfan. Lennart hakuona kitu. Yeye ni mtu anayependa ndege na wadudu, na hapa amepewa hadhira. Akaweka kikombe chini ili mikono yote miwili ipate kueleza: mabawa meusi, mstari mwekundu hapa, madoa meupe kwenye ncha. Mdudu mzuri sana. Huja mwezi wa Mei kutoka nchi za kusini, huruka safari ndefu mpaka Uswidi, hukaa kiangazi chote. Baridi ikianza, wengine hurudi kusini, wengine hufa.

"Nasi tukasema, huyu kijana naye ametoka kusini mwezi wa Mei, koti jepesi, anaruka huku na huku. Baridi ikianza hatutamwona tena. Kila mtu akabashiri mwezi wake. Bosse alisema Oktoba." Akacheka kwa kumbukumbu. "Mimi nilisema Novemba."

"Na siku ya winchi?" Khalfan akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Ah, siku ya winchi! Ulitupigia kelele, Mungu wangu. Lakini hiyo ilikuwa Agosti. Jina ulishakuwa nalo tangu Mei."

Hakuna aliyecheka. Waswahili wana adabu. Wangeweza kuvumilia mpaka nje. Lakini kitoto kimoja cha mstari wa mbele, kilichokielewa Kiswidi kuliko wote, kikanyanyua mikono na kuanza kupiga mabawa mbele ya jukwaa kikiimba "Fjäril! Fjäril!" na mama yake alipojaribu kukikamata kikaruka upande wa pili. Firmin akaondoka mbio kwenda msalani, na kicheko chake kikasikika kupitia ukuta. Baada ya hapo hapakuwa na adabu iliyobaki.

Pilau siku hiyo ilipakuliwa bila amri ya mtu.

Kwenye treni ya kurudi Hässelby, Mwanahawa alikuwa amepakata sufuria tupu na Khalfan amepakata kofia. Walipita stesheni kadhaa.

"Ulijua?" Khalfan akauliza hatimaye.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Marehemu mke wa Lennart aliniambia, Nasra akiwa bado mchanga. Aliniuliza kama kwetu nako kuna vipepeo wa aina hiyo."

"Miaka yote hiyo, Mama Nasra! Mbona hukuniambia?"

Mwanahawa alifikiri kidogo, maana swali lilikuwa la haki.

"Ulikuwa na raha," akasema. "Na mimi sikuwa na raha nyingine ya kukupa mahali pake. Ulikuwa unashinda kwenye vyumba vya maboila na masizi mpaka puani. Ukirudi, ukivaa ile kofia, unanyooka mgongo. Nikasema, acha."

Khalfan akaigeuza kofia mapajani. Alikuwa na maneno, lakini yote yalikuwa ya hasira, na hasira yenyewe hakuiona inamhusu nani.

Majuma yaliyofuata alijifungia. Ukumbini hakwenda. Firmin akampigia simu, "Allô, Amirali?" naye akajibu, "Amefariki," akakata. Kofia ikapelekwa juu ya kabati. Alikaa dirishani akalipitia upya maisha yake huku Uswidi, na kila aliposikia ndani ya kumbukumbu mtu anamwita amiralen, alimwona mtu huyo anatabasamu, na tabasamu lile halikuwa tena lile alilolijua. Meneja alipomsainia barua ya sifa. Wale wawili waliomkumbatia baada ya winchi. Heshima alizozihifadhi kama vyombo vya wageni, leo anazitoa moja moja anazigonga kwa kidole asikie kama zina ufa.

"Mwarabu ameniachia nusu ya neno," akamlalamikia mkewe jioni moja, "na Mswidi ameniachia mdudu."

"Kula," akasema Mwanahawa.

Septemba, Lennart akapiga simu. Alikuwa amekwisha kuambiwa na Gladness kwamba shahidi alimmaliza mwenye kesi, na aibu ilikuwa imemjaa. Hakujua kuomba radhi kwa simu. Waswidi wa umri wake huomba radhi kwa kukualika kahawa. Akasema plamu zimeiva, zinaoza chini, waje wachukue.

"Siendi," akasema Khalfan.

"Mimi nakwenda," akasema Mwanahawa. "Nataka plamu za achari. Wewe utanibebea ndoo, si lazima useme kitu."

Wakaenda. Bustani ya Lennart ilikuwa na miti mitatu ya plamu, na chini yake matunda yaliyopasuka yalikuwa yanachacha juani, yananuka kama tembo la mnazi la jana. Mwanahawa akaingia kazini moja kwa moja. Khalfan akasimama na ndoo, mkono mmoja umeishika na mwingine uko nyuma, kwa mazoea.

Lennart akamgusa bega, akamwonyesha kwa kidevu. Juu ya plamu moja iliyooza palikuwa na kipepeo. Alikuwa mweusi, ana ule mstari mwekundu kama waya wa redieta ya umeme, na madoa meupe kwenye ncha. Alikuwa anakunywa. Wala hakushtuka mtu alipomsogelea. Alikuwa amelewa, na aliyumba kidogo kila upepo ulipopita. Khalfan akainama, magoti yakalia. Akamtazama muda mrefu. Akakiri moyoni kwamba lile koti, alilolinunua mitumbani Ngamiani, kwao Tanga, Mungu amrehemu aliyelishona, lilifanana naye kupita kiasi.

"Huyu naye anatakiwa aondoke?" akauliza.

"Ameshachelewa," Lennart akasema. "Sijui anangoja nini."

 Mwanahawa akawapita na beseni.

"Bosse yuko wapi siku hizi?" Khalfan akauliza, kwa kuwa kimya kilikuwa kizito kuliko hasira.

"Bosse? Hispania. Anaondoka kila Oktoba, anarudi Aprili."

"Si ndiye aliyesema mimi nitaondoka Oktoba?"

"Ndiye."

"Na yule fundi rangi wa karakanani?"

"Alihamia Thailand. Yule mwendesha winchi alifariki. Meneja naye alifariki." Lennart akahesabu kichwani, na Khalfan akamwona uso unambadilika kadiri hesabu inavyoendelea. "Kumbe tumebaki wawili," akasema. "Mimi na wewe. Na mimi nilisema Novemba." Akaokota plamu, akaifuta kwenye suruali, asiile. "Ile Novemba ilipofika, ulikuja kazini umevaa makoti mawili na soksi kwenye mikono. Nakumbuka nilifurahi. Sikukwambia. Hatukuwa tukiambiana mambo."

Khalfan alitaka kubaki na kinyongo chake kidogo, angalau mpaka chai. Lakini Lennart alikuwa na jambo jingine, na alilitoa akiwa ameutazama mti. Magoti yake yameharibika. Daktari amesema baridi inayazidisha. Bosse amempatia chumba huko Hispania, Novemba mpaka Machi. Shida ni nyumba: ni ya zamani, mabomba yake ni ya zamani, mtu asipopita kuyaangalia yataganda na kupasuka. Amefikiria ni nani angeweza, akamwona Khalfan tu.

"Unaondoka Novemba," akasema Khalfan.

"Novemba."

Khalfan alicheka mpaka ikabidi ashike mti. Plamu mbili zikaanguka. Kipepeo akaruka, akayumba, akatua palepale. Mwanahawa akauliza kuna nini, naye hakuweza kumwambia.

Chamani alirudi mwezi uliofuata, kichwa wazi. Mugambi alikuwa wa kwanza kumjia, amenywea kama mwanafunzi.

"Mzee, lile swali langu halikuwa na nia mbaya."

"Najua, mwanangu."

"Nilienda nikasoma zaidi. Unajua hakuna mahali walipolimaliza? Waingereza, Wafaransa, wote. Wale wenye manowari na nishani kifuani, kila mmoja ni amiri wa, basi. Hakuna hata mmoja anayejua ni wa nini."

"Basi tuko wengi," akasema Khalfan.

Firmin naye akaja, ameshika sahani, macho yanacheka lakini mdomo unajizuia. "Sasa tukuite nani, Papa? Maana ukisema hutaki ile jina, tutaacha. Tutasema Mzee Mbaraka. Ila itatuwia nguvu, karibu hakuna mwenye analijua."

Khalfan alilipima Mzee Mbaraka. Lilikuwa jina zuri, la baba yake, na lilimkaa kama suruali ya mtu mwingine. "Acheni lilelile," akasema. "Nimeshalizoea." Kisha akamwona mtu ameegesha gari mbele ya mlango wa dharura, akatoka kwenda kumwambia aliondoe.

Lennart aliondoka Novemba. Funguo alimwachia Khalfan kwenye bahasha, pamoja na maelezo marefu ya mabomba ambayo Khalfan hakuyasoma, kwa kuwa mabomba hujieleza yenyewe. Kila Jumanne na kila Ijumaa alipanda treni ya mwendo wa kaskazini, akapita kwenye theluji mpaka mlangoni, akawasha taa, akashika redieta moja baada ya nyingine kwa kiganja kama daktari wa watoto.

Januari, siku ambayo baridi ilikuwa imeshuka mpaka pua zinagandana, alikuwa amelala chali chini ya sinki la Lennart anakaza kiungo, Mwanahawa yuko mezani anafungua chupa ya achari ya plamu ili wale na mkate. Simu ikalia. Ilikuwa Hispania.

"Nyumba inaendeleaje?" Lennart akauliza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Nyumba iko salama, ina joto. Una nini? Unaumwa?"

"Baridi," akasema Lennart. "Nje kuna jua, lakini hizi nyumba za huku hazina redieta. Sakafu ni ya vigae. Bosse amelala na kofia. Khalfan, sijawahi kuona baridi kama hii maishani mwangu."

Khalfan akatoka chini ya sinki, akajifuta mikono polepole, akaketi. Mwanahawa akamsogezea sahani.

"Sikiliza," akasema. "Vaa makoti mawili. Na soksi, zivae mpaka mikononi. Baridi ya kwanza ndiyo ngumu, baadaye utazoea."